Shangazi alimaliza dozi

Shangazi yangu hatupi kitu. Risiti za luku, kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana watoto wao, pakiti za dawa zilizokwisha, vyote anavifunga kwenye mfuko mmoja na kuuning'iniza nyuma ya mlango. Ndiyo maana mwaka juzi, homa ilipomrudia baada ya miezi mitatu, alifika kituoni kwetu na pakiti ya mseto, dawa ya malaria, mkononi, vidonge 24 vyote vimetobolewa.

"Nimekunywa zote, baba. Hii hapa."

Nikamjibu, tena mbele ya wajukuu zake, kwamba pakiti tupu si ushahidi, na kwamba homa imerudi kwa sababu hakumaliza dozi. Watu wa maabara tuna ulimi mwepesi kwa jambo hilo. Mgonjwa akirudi, kosa ni lake.

Kile kipimo cha haraka cha siku ile kilitaka kuniambia kitu. Mstari wa falciparum, aina ya malaria tunayoikuta zaidi, haukutoka kabisa. Ule wa pili, unaoshika aina zote za malaria, ulitoka hafifu kama alama ya penseli iliyofutwa. Nikatengeneza slaidi, nikaipaka rangi ya Giemsa, nikaweka mafuta na lenzi ya 100. Nikaona vimelea vichache. Nikaandika kwenye rejista "P. falciparum", kama nilivyoandika jana yake na juzi yake.

Sasa niseme ukweli wa benchi. Slaidi ikifanywa vizuri ina sehemu mbili: tone nene na utando mwembamba. Kwenye tone nene chembe nyekundu zinapasuka, unabaki na vimelea bila nyumba zao. Ni pazuri kwa kujua kama malaria ipo. Lakini ukitaka kujua ni aina gani, inabidi uione ile nyumba: kwa Plasmodium ovale, aina nyingine ya malaria, chembe huvimba kidogo, mara nyingine ikawa na umbo la yai na kingo zilizochanika, na ndani ina vidoadoa. Hayo yapo kwenye utando mwembamba tu. Foleni ikiwa ya watu 60 na darubini ni moja, utando mwembamba ndio wa kwanza kuachwa. Mimi niliuacha.

Bahati nzuri, wakati ule kulikuwa na watafiti waliokuwa wakikusanya damu kituoni kwa wagonjwa walioridhia. Tone moja la kidole kwenye karatasi ya chujio, linakaushwa, linatiwa kwenye mfuko wenye namba. Shangazi alikubali mara zote mbili, alipougua kwanza na homa iliporudi, akilalamika mara zote mbili kwamba namtoboa kidole cha kushikia sindano ya kushonea.

Majibu yalichukua miezi mingi kurudi. Karatasi ya kwanza: falciparum na ovale kwa pamoja. Ya pili: ovale peke yake.

Baadaye nilikwenda kujifunza PCR yenyewe, kipimo cha DNA kilichotoa majibu hayo, nikaelewa kwa nini ilinishinda. Unatoa DNA kwenye karatasi, unaiweka kwenye mashine pamoja na vipande vifupi vya DNA vilivyotengenezwa kushika sehemu fulani ya jeni la kimelea. Mashine inapasha hadi nyuzijoto 95 ili nyuzi za DNA ziachane, inapoza vile vipande vishike, inapasha tena nakala ijengwe. Mizunguko 40 hivi, na kila mzunguko nakala zinakaribia kuongezeka maradufu. Mimi kwa jicho nahitaji vimelea 50 mpaka 100 kwenye mikrolita ya damu, na niwe sijachoka. Mashine inaokota hata vichache chini ya vitano. Ila nayo haioni usichoiuliza: ukiweka vipande vya falciparum tu, ovale itapita mlangoni ikikupungia mkono.

Kinachonichekesha ni kwamba kimelea hiki cha ovale si mgeni. Daktari John Stephens wa Liverpool alikipa jina mwaka 1922, baada ya kukiona kwenye damu ya askari aliyetoka Afrika Mashariki. Mwaka 2010 vipimo vya jeni vikaonyesha kuwa ni spishi mbili, curtisi na wallikeri, ambazo kwenye darubini huwezi kuzitenganisha hata ukeshe. Na pale Nyamisati, tunapopandia boti za kwenda kisiwa cha Mafia, damu za wanakijiji zilizochukuliwa kati ya 1994 na 2016 zilipopimwa kwa PCR, falciparum ilikuwa imeshuka sana huku ovale na malariae, aina nyingine tena, zikiwa bado zipo.

Falciparum haijifichi kwenye ini. Ovale inaweza kulala humo wiki au miezi, kisha ikaamka. Mseto unaua vilivyo kwenye damu, vilivyolala haviguswi. Hivyo vinahitaji dawa ya primakwini, na kabla ya primakwini mtu apimwe G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu, maana mwenye upungufu wake chembe hizo zinaweza kupasuka. PCR haiwezi kuniapia kama kimelea cha shangazi kiliamka au kililetwa na mbu mpya. Lakini falciparum ya mara ya kwanza ilikuwa imeondoka yote, na mtu aliyeruka vidonge hapati majibu kama hayo kirahisi.

Nilikwenda kwake Jumapili. Shikamoo, marahaba, chai ya tangawizi. Nikamweleza habari ya ini kwa dakika kumi nzima. Alisikiliza huku anachambua mchele, halafu akauliza swali moja.

"Kwa hiyo nilimaliza?"

"Ulimaliza, shangazi."

Akaweka ungo chini, akawaita wajukuu kutoka uani, akangoja mpaka wote wakaingia.

"Haya, baba. Rudia."