Daftari la Jumuiya

Bahasha ya marehemu, ile tunayoandika majina ya wafu wetu waombewe kanisani, ipo mezani tangu Jumapili iliyopita, nimeikandamiza kwa glasi ya chai ili feni isiipeperushe. Ina mistari kumi. Saba nimeshaijaza: babu, bibi, baba, mashangazi wawili, kaka, na yule rafiki yangu wa sekondari aliyekufa kwa ajali. Wa nane ndiye kanikwamisha, na ndiye kaninyima usingizi usiku huu wakati kesho natakiwa kituo cha basi alfajiri.

Mimi ni katibu wa jumuiya. Kwa wasio Wakatoliki: kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijachomoza vizuri, familia chache za mtaa tunakutana kwenye nyumba ya mmoja wetu, tunasali, tunasoma Injili, tunachanga. Daftari la mahudhurio na michango nalishika mimi, mwaka wa sita sasa. Kazini ni mhasibu, kwa hiyo safu zangu zimenyooka. Aliyekuja wino wa bluu, asiyekuja nyekundu. Mwenyekiti hupenda kulionyesha kwa wageni: "Katibu wetu ana daftari la benki hilo." Na mimi nilikuwa najisikia.

Mwezi wa nne alifariki mzee aliyekuwa akiziba pancha pale kona ya barabara ya vumbi. Mtaa mzima tulimwita Mzee Pancha. Jumuiyani alikuwa haonekani, maana Jumamosi asubuhi ndiyo saa ya bodaboda kupanga foleni kwake. Zaka nayo hakuwa akitoa.

Tumekaa chini ya turubai, wanaume wanahesabu rambirambi, mwenyekiti akanisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Katibu, daftari linasemaje?"

Nilikuwa nalo kwenye mkoba. Ningeweza kusema nimelisahau nyumbani. Nikalifungua, nikapitisha kidole, nikasoma: "Miaka miwili, mara tatu. Zaka hakuna." Akashika simu, akaenda kusimama kwenye mwembe. Aliporudi alisema padri hatakuja na katekista hatakuja. Wanajumuiya wanaotaka kwenda waende kama majirani.

Mkewe marehemu ni Mwislamu wa Rufiji, na ndugu zake ndio waliobeba mzigo wote wa siku ile. Walichimba, wakabeba jeneza, wakashika makoleo. Shemeji mmoja wa marehemu, mwenye kanzu iliyopakaa udongo mwekundu hadi magotini, aliniuliza kwa heshima kabisa, "Dada, si alikuwa mwenzenu huyu? Padri wenu yuko wapi?"

Nikamwambia kapata dharura.

Yaani nilidanganya kaburi likiwa wazi mbele yangu. Pembeni yangu alisimama kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwa mzee, kucha bado nyeusi kwa gundi ya tairi, ananitazama. Alikuwepo turubaini na alinisikia nikisoma.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Alitupa udongo, akajifunga kitenge vizuri, akaanza: "Raha ya milele umpe, ee Bwana." Tukaitikia, kwanza kwa woga, halafu kwa nguvu, "Na mwanga wa milele umwangazie."

Usiku huo niliitafuta Sheria ya Kanisa kwenye simu, ile ya mwaka 1983. Kanuni ya 1184 inataja wanaonyimwa maziko ya kikanisa: walioasi imani waziwazi, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopingana na imani, na wadhambi wa wazi ambao kuzikwa kwao kungekuwa kikwazo kwa waamini, tena kama hawakuonyesha dalili ya toba. Mfumaji wa visingizio kama mimi alitafuta zaka pale, hakuikuta. Nikapanda juu kidogo, kanuni ya 1181, inaonya kwamba kwenye maziko kusiwe na upendeleo na maskini wasinyimwe haki yao. Niliisoma mara nne. Na matendo ya huruma je? La saba ni kuzika wafu. Kwenye mafundisho ya kipaimara tulilikariri hilo kwa wimbo.

Nilikwenda kuonana na padri. Nilijiandaa kugombana, bahati mbaya ni mtu mwema. Ndiye aliyekuja usiku wa manane, mvua inanyesha, kumpaka mafuta ya wagonjwa jirani yangu. Alinieleza kwamba mapadri ni wachache na waamini ni maelfu, hawezi kumjua kila mtu, na ndiyo maana maaskofu wa Afrika Mashariki mwaka 1976 waliiweka jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa uchungaji. "Jumuiya ndiyo macho yangu," aliniambia. "Na kama hakuna kinachomgusa asiyeshiriki, nani atashiriki?" Sikuwa na jibu la haraka. Kulisaidia Kanisa kwa zaka ni mojawapo ya Amri za Kanisa, nimewafundisha watoto mwenyewe. Ila macho aliyoyasema ni yangu mimi, na yalikuwa yanaangalia wino.

Kinachonichoma zaidi ni gurupu letu la WhatsApp. Desemba 2023 Roma ilipotoa waraka wa Fiducia Supplicans kuhusu baraka kwa wapenzi wa jinsia moja, tulibishana mchana na usiku, watu wakarushiana vifungu vya Biblia hadi saa nane. Januari iliyofuata maaskofu wa Afrika walipotamka kwamba baraka hizo haifai kuzitoa huku, watu wakashangilia kama Simba kafunga. Mzee Pancha tuliyemwona kila siku hakupata mabishano ya hata dakika moja. Alipata "R.I.P." kumi na moja na picha ya mshumaa.

Nilikwenda kuungama, parokia ya mbali ambako hawanijui. Nikamweleza padri yote, daftari na uongo wa kaburini. Uongo akanipa malipizi. Kuhusu daftari akasema hiyo si dhambi, nilitimiza wajibu wangu. Nilitoka nimesamehewa nisichokililia.

Mwenzangu wa kazini ananivuta kanisani kwao. "Njoo, kwetu hakuna daftari." Nilikwenda mara moja. Kweli daftari hakuna, kuna namba ya kulipia kwa simu kwenye skrini kubwa, ibada nzima. Mama naye, aliyeko Songea na bado ana picha ya Kardinali Rugambwa ukutani, yule Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali mwaka 1960, nilipomgusia tu alikata maneno: "Mwanangu, wewe umebatizwa huko, utaenda wapi?" Halafu akauliza bei ya mchele Dar.

Siku nyingine mchana nikitoka ofisini pale Posta huingia Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lile Wajerumani walilolijenga kati ya 1897 na 1902, nje honi za boti za Zanzibar zinasikika. Nakaa benchi la nyuma. Mungu simtilii shaka sana, nashangaa mwenyewe. Ninapokwama ni kwenye Nasadiki, sala ya kukiri imani, ile sehemu ya "Kanisa takatifu". Jumapili wenzangu wanaipita kwa mwendo wa kawaida, mimi ulimi unakuwa mzito, nawadakia kwenye "maondoleo ya dhambi".

Sasa mstari wa nane. Nililifungua daftari nimnakili. Kila ukurasa, mwandiko wangu mzuri, nyekundu kwa nyekundu: "Mzee Pancha". Miaka sita. Jina lake la ubatizo silijui na sikuwahi kumuuliza.

Anayelijua ni mkewe. Jioni anakaanga mihogo pale pale kona, karibu na lile tairi kuukuu la alama. Tangu mwezi wa nne nashukia kituo cha mbele, napita njia ya mtaroni, nisikutane naye.

Bahasha zinakusanywa Jumapili. Kesho nitashukia kituo changu cha zamani. Sijui nitaanzaje, labda nitaanza na mihogo ya elfu moja, na pilipili.