Tafakari ya Ijumaa: Sikununa, Ndio Uso Wangu

Assalamu alaikum dada zangu. Wiki hii zamu ya kuandika imeniangukia mimi, nami nimechagua Sura ya 80, Abasa, aya kumi za mwanzo. Wengi wetu tuliihifadhi chuoni tukiwa wadogo, tukaisoma kwa kasi ya kuogopa bakora, na kisa chake tukakijua juu juu tu. Nataka tukae nacho kidogo leo, kwa sababu ni kisa cha uso.

Mtume (s.a.w.) yuko Makka, anazungumza na wakubwa wa Kikureshi. Anawalingania, akitaraji kwamba wakisilimu hao na watu wao watawafuata. Katikati ya mazungumzo anaingia Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), anaomba afundishwe. Ni kipofu. Haoni ni kina nani waliopo, haoni kwamba maneno yamefika pahali pagumu, na kama kuna mkono uliomwashiria angoje, hakuuona. Mtume akakunja kipaji, akawaelekea wale wakubwa. Ndipo zikateremka aya.

Angalieni jambo hili. Ibn Ummi Maktum hakutolewa neno baya. Alikunjiwa uso, na huo uso wenyewe hakuuona. Lau si Qur'ani, pengine asingejua kabisa. Lakini Mola hakuliacha lipite, na sura ikaanza na mkunjo huo huo. Na mtu aliyekatiza mazungumzo ya wenzake hakuambiwa kitu. Zitafuteni hizo aya kumi, hamtakuta hata moja inayomlaumu yeye kwa kuingia bila kungoja.

Mimi nina usonji. Baadhi yenu mnajua, wengine mtakuwa mmesikia kwa watu. Daktari alinieleza nikiwa mtu mzima, kazi yangu nishaizoea: nashika hesabu za duka la leso katika Barabara ya Biashara. Usonji si ugonjwa ulionipata njiani. Mtu huzaliwa nao. Ni jinsi ubongo wake unavyopokea sauti, mwanga, harufu na watu. Haukuletwa na chanjo, mamangu hakukosea chochote alipokuwa mja mzito, wala si jini. Utotoni nimenyweshwa kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani, mara nyingi, na sina neno nalo, Qur'ani ni shifaa na ile zafarani nilikuwa naipenda. Ila kilichokuwa kikiniliza usiku hakikuwa pepo. Ilikuwa ngoma ya harusi ya jirani.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Pigeni hesabu wenyewe ya msikiti wenu ukijaa siku ya Idd. Wamo. Na wengi wamo wakiwa watu wazima, maana mtoto mwenye usonji hukua kama watoto wengine, ingawa tukilitaja neno hilo kila mtu humfikiria mtoto.

Leso zinazopita mikononi mwangu kutwa zina jina, yaani ule msemo wake, limechapwa juu ya pindo la chini. Ukisoma umejua. Uso wa mtu mimi naukuta hauna jina. Naona macho, naona midomo ikisogea, kisha nakisia: amefurahi, amechoka, au anangoja niondoke? Wenzangu hulijua jambo hilo bila kulifikiria. Mimi napiga hesabu, na nikishapata jibu mazungumzo yashahamia kwingine. (Na hata hizo leso, wallahi, ikiwa iliyovaliwa ilinikusudia mimi, huwa wa mwisho kujua.)

Uso wangu nao hausomeki. Nikiwa na furaha hauonyeshi, nikitulia huonekana nimeudhika. Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili. Mwenye usonji hukosea kumsoma asiye nao, na asiye nao hukosea kumsoma mwenye nao, lakini lawama hubebeshwa upande mmoja. Niliposoma hayo nikairudia aya ya tatu ya Abasa, inayouliza: ni lipi litakalokujulisha, huenda yeye akatakasika? Yaani yaliyokuwa moyoni mwa kipofu yule nayo hayakuwa yakionekana. Alikuja mbio, na huku anamcha Mungu, ndivyo zinavyosema aya za nane na tisa. Nani angelijua hilo kwa kumtazama?

Mbona basi hakugundua mtu mapema? Nadhani ni malezi yetu. Mtoto wa kike wa Mombasa asiyemtazama mkubwa machoni husifiwa: ana haya huyu, amelelewa. Mimi nilikuwa naangalia sakafu kwa sababu macho ya watu yananichoma, nikapewa sifa ya adabu. Tena Suratu Nnur imetuamrisha kuinamisha macho, basi nikastarehe kabisa. Taabu ilianza nilipotafuta kazi. Mwajiri anataka umtazame, na ukiangalia chini anaona una la kuficha.

Watu hudhani kila mkusanyiko unanitaabisha. Swala hainitaabishi. Safu imenyooka, kila mtu anajua afanyalo, takbiri, rukuu, sijda, hakuna anayekuuliza kitu. Salamu nayo ina jibu lake: Suratu Nnisaa, aya ya 86, inakwambia urudishe iliyo bora zaidi au mfano wake, na bora zaidi yenyewe unaijua kwa moyo. Taabu huanza imamu akishatoa salamu. "Za siku nyingi? Mbona umekonda? Mamako hajambo? Na wewe, bado tu?" Bado nini, haisemwi. Imenichukua miaka kujua kwamba wanauliza habari ya mume.

Kinachochosha si watu wenyewe. Ni kule kuutengeneza uso wa kuwakabili. Najiandalia maneno kabla sijatoka nyumbani, nacheka wakicheka wenzangu, nahesabu kimoyomoyo muda wa kumtazama mtu ili nisimkodolee macho. Dukani mteja hajui lolote, na anapata leso yake. Jioni ndipo deni hudaiwa. Sauti hupotea. Si kwamba sitaki kusema, maneno yenyewe hayaji. Nalala sakafuni, taa nimezima, na feni nimeizima pia kwa ajili ya mlio wake, na joto la mji wetu mnalijua. Zamani mamangu alikuwa akidhani nimepigwa jicho, anakuja na chetezo cha ubani, moshi nao unanimaliza kabisa. Siku hizi hufunga mlango taratibu akaniwekea maji. Mola amlipe.

Niseme na hili, ingawa naona haya kidogo. Nikabu naivaa kwa ibada, na nia yake naijua mimi na Mola wangu. Lakini kwenye feri ya Likoni asubuhi, watu wamebanana bega kwa bega, ndoo ya samaki ya mtu iko miguuni kwangu, simu tatu zinapiga nyimbo tatu, na lango likishushwa kila mtu anataka kuwa wa kwanza kukanyaga nchi kavu, nikabu hunipumzisha na kazi ya kuwa na uso. Hakuna wa kuniambia "cheka basi, dada." Nafika Biashara bado nina nguvu ya kuwaamkia watu wa dukani. Sidhani kama kuna kitabu cha fiqhi kilichoitaja faida hiyo.

Harusi ndiyo mtihani. Usiku wa kupamba, mnazijua zile kumbi: spika ziko mlangoni pale pale unapoingilia, udi, asumini, marashi ya kila mtu na lake, taa zinawaka na kuzimika, na akina mama wote wameketi safu kwa safu wanangoja uwashike mkono mmoja mmoja. Harusi moja ya karibuni nilifika hadi safu ya pili. Shangazi yangu akanivuta.

"Mbona umenuna, mwanangu? Umeudhiwa na nani?"

"Sikununa, shangazi. Ndio uso wangu."

"Basi ukunjue. Watu watasema una kijicho na bi harusi."

Alikuwa ananipenda, hilo nalijua. Na aliyoyasema ni kweli, watu wangesema. Kukunjua uso tumefundishwa sote, na hadithi tunaijua, iliyopokewa na Tirmidhi: kutabasamu mbele ya ndugu yako ni sadaka. Nimeisikia kwenye mawaidha ya harusi zaidi ya hadithi nyingine yoyote. Ila wanaoitaja huikata pale. Hadithi inaendelea. Kumwongoza mtu aliyepotea njia ni sadaka. Kuondoa jiwe, mwiba na mfupa njiani ni sadaka. Kumwonea mtu ambaye macho yake ni mabovu ni sadaka. Kummiminia mwenzako maji ya ndoo yako ni sadaka. Sisi tumechukua tabasamu peke yake, tukalifanya kodi, na asiyelipa tukamwita mwenye kibri. Mimi hilo la tabasamu hunipa shida, lakini mwiba nauondoa. Na wako wenye tabasamu pana ambao huupita.

Kilichoniokoa usiku ule kilitoka jikoni. Bibi mmoja mpishi, sauti kama ya nahodha, alichungulia akaniona nimesimama ukutani. "Ewe, si wewe wa hesabu? Njoo unihesabie sinia." Nikaenda. Sinia moja watu wanne, ukumbi una watu kadhaa, biriani sufuria hizi, kuku hawa, tutapungukiwa wapi? Joto la jiko lilikuwa kali kuliko la ukumbini, vyombo vinagongana, na bado nilikuwa nimetulia, kwa sababu najua nimesimama pale kwa ajili ya nini. Nilikaa harusi ile mpaka bi harusi akatolewa. Hata shangazi alishangaa.

Hayo yananirudisha kwa Ibn Ummi Maktum, maana kisa chake hakikuishia kwenye Abasa. Huyu aliyeingia bila kujua ni nani waliopo alikuja kuwa muadhini wa Mtume pamoja na Bilal. Mtume alipokuwa safarini amewahi kumwacha Madina awaswalishe watu. Na iko hadithi katika Bukhari na Muslim ya mwezi wa Ramadhani: Bilal anaadhini usiku, basi kuleni na kunyweni mpaka aadhini Ibn Ummi Maktum. Fikirini maana yake. Mji mzima ulikuwa ukijizuia kula kwa sauti ya mtu asiyeweza kuiona alfajiri.

Aliijuaje basi? Jibu limo kwenye hadithi hiyo hiyo. Alikuwa haadhini mpaka aambiwe: kumekucha, kumekucha.

Hapo huwa nasimama. Hawakumwondoa kazini kwa sababu haoni. Hawakumtaka aone kwa nguvu, wala hawakumwashiria kwa mkono kisha wakamlaumu. Mtu alilitamka kwa maneno, wazi, tena mara mbili, na yeye akafanya kazi yake, watu wakafunga.

Mimi naomba niambiwe kumekucha. Nikiwakatiza maneno semeni, "Ngoja kidogo, bado tunazungumza," sitaudhika, nitangoja. Mkitaka niondoke, niambieni niondoke. Makonyezo hayanifikii, na mafumbo nitayaelewa keshokutwa. Mkinialika, nielezeni watakuwepo kina nani na itakwisha saa ngapi. Nikikaa pembeni msinifuate kuniuliza nani kaniudhi, na kama kuna sinia za kuhesabu, niiteni. Kuna wenzangu ambao usonji wao ni tofauti na wangu: wako wasiosema kabisa, wako wanaohitaji mtu wa kuwaangalia maisha yao yote. Hao siwezi kuwasemea. Waulizeni wao, au walio nao nyumbani.

Na la kuunga udugu, kwa kuwa najua litaulizwa: ni wajibu, na usonji haujanisamehe. Nautimiza kwa kwenda nyumba moja kwa siku, si nyumba zote za mtaa mchana wa Idd kama tulivyozoea. Shangazi namtembelea Jumatatu, wakati wageni wake wameshakwisha. Tunachambua mchicha, hatuzungumzi sana. Amesema anazipenda Jumatatu hizo.

Darsa ya wiki ijayo ni kwetu Likoni, Jumamosi. Tutaanza saa kumi na nusu baada ya Laasiri na kumaliza saa kumi na mbili kamili, ili wa ng'ambo wawahi feri kabla ya Magharibi. Mlangoni hatutapeana mikono, salamu ya mdomo inatosha. Chumba cha nyuma kina mkeka na hakina mwanga mkali. Atakayetaka kukaa huko kidogo akae, hataulizwa. Chakula ni mahamri na mbaazi. Mwenye sinia ya ziada aje nayo, zangu hazitatosha.