Siku moja maishani mwangu: nafundisha maji yanavotoka kwenye koloni za baharini, nikiwa Kigoma

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nishaamka. Mimi ni mwalimu wa bailojia kidato cha tano hapa Kigoma mjini na leo tuna mada naipenda sana, wale viumbe wa baharini wanaoishi wameshikana wengi pamoja, ndo tunaita koloni, na wanakula kwa kuchuja maji. Daladala ya Mwanga imejaa, nasimama mpaka shule.

Saa mbili kipindi kinaanza. Nawaambia vijana, kuvuta maji kila mnyama anaweza, shughuli ipo kwenye kuyatoa yakishachujwa, maana yakibaki hapohapo utayavuta tena na hayana kitu. Nikawachorea membranipora, huyu anatanda utando mweupe juu ya mwani mkubwa kwenye bahari za baridi, mnyama mmojammoja hafiki milimita 1, ana taji la minyiri yenye silia, yaani vinywele vidogo sana vinavyopepea, silia zinapiga maji yanashuka ndani ya taji, chakula kinanaswa halafu maji yanapenya katikati ya minyiri yanaingia chini ya mataji. Wa pembeni hawana tabu, maji yao yanatokea ukingoni.

Binti mmoja nyuma akanyoosha mkono, "Madam, na wale wa katikati je?"

Hilo ndo swali lenyewe jamani, nilifurahi! Huko katikati koloni inaacha nafasi kila baada ya umbali fulani, wanyama wanaozunguka pale wanainamisha mataji yao pembeni, basi maji yote yaliyokusanyika chini yanapandia hapo na yanatoka kwa kasi kuelekea juu. Dohani kabisa.

Saa nne chai na chapati, chap chap.

Saa tano maabara. Beseni la maji, mabomba mawili ya sindano yasiyo na sindano, moja nimelikata mdomo libaki wazi lote, yote nimejaza maji yenye potasiamu pamanganeti, ile kemikali inayoyafanya yawe zambarau. Tukayazamisha tukasukuma taratibu kwa mwendo uleule. Lililokatwa, zambarau ikatoka ikajikusanya palepale mbele ya bomba haiendi popote. Lenye mdomo mwembamba, mstari wa zambarau ukakata beseni mpaka upande wa pili. Tukapiga hesabu, bomba kipenyo milimita 20, mdomo milimita 2, eneo linapungua mara 100 kwa hiyo kasi inaongezeka mara 100. Koloni inafanya hivohivo, maji yanaingia polepole kwenye eneo kubwa ili silia ziwahi kunasa chakula, yanatoka mbio kwenye tundu dogo ili yaende mbali.

Saa saba ugali wa muhogo na migebuka, ila vijana wawili wakanifuata mpaka mezani wanataka kujua kuhusu botrilasi, koloni nyingine ya baharini. Huyo wanyama wake wanajipanga duara mfano wa nyota, kila mmoja ana tundu lake la kuingizia maji ila la kutolea wanachangia moja pale katikati, ni kama nyumba ya kupanga, kila mpangaji na mlango wake lakini mtaro wa maji machafu ni mmoja. Mmoja wao baba yake anavua, anakaa Kibirizi, akauliza kama na ziwani wapo wanaochuja. Nikamwambia sifongo wa maji baridi wapo kwenye mawe ya Tanganyika, wanaingiza maji kwa vitundu vingi vidogo na kuyatoa kwa tundu kubwa.

Saa kumi daftari. Nyingi mno.

Saa mbili usiku naandaa kipindi cha kesho, pirosoma, nayo ni koloni ya baharini. Koloni yake ni bomba lenye uwazi ndani, upande mmoja umeziba, kila mnyama kwenye ukuta anavuta maji kutoka nje na kuyatema ndani, yanatokea yote upande ulio wazi na yakitoka yanasukuma koloni nzima iende mbele, yaani uchafu wao ndo unawatembeza. Nitawapa wachore na mishale ya maji, na nimeamua asiyeonyesha yanapotokea simpi maksi ya mchoro.