Stendi ya kupigia picha za nyota: nilitazama nyuzi kabla ya kilo

Kila niliyemuuliza kuhusu stendi ya darubini alinijibu kwa kilo: itabeba ngapi, itayumba au haitayumba. Mimi niko Makunduchi, kusini mwa Unguja, na hapa lipo suali linalotangulia hilo. Kichwa cha stendi kinalala mpaka nyuzi ngapi za pembe?

Stendi inayofuata nyota lazima mhimili wake uelekee ncha ya anga, pale nyota zote zinapoonekana kupazunguka, na kimo cha ncha hiyo ni sawa na latitudo ya ulipo. London ni nyuzi 51. Kwetu ni 6 na kitu. Baadhi ya stendi nzito haziteremki chini ya 10. Hata ile inayoteremka, fimbo yake ya uzito wa kusawazisha huja ikagonga miguu, ikabidi uagize nguzo fupi ya kuinulia kichwa. Fedha hizo! Stendi zile za kwenda juu-chini na kulia-kushoto tu sikukawia nazo: kwa kutazama Mwezi na Zohali ni nzuri, lakini ukiacha kamera wazi kwa muda, picha inajizungusha pembeni.

Nikachukua Star Adventurer 2i, kichwa kidogo cha kufuata nyota kwa ajili ya kamera. Inabeba kilo 5 na kitako chake, kile kinachokiinamisha, kinalala kadiri ninavyotaka. Kamera yangu na lenzi ya milimita 135 hazifiki nusu ya uzito huo, na kwenye picha mimi siamini zaidi ya nusu ya kilichoandikwa. Kwa stendi ya kawaida isiyofuata nyota, lenzi hiyo hainipi hata sekunde 4 kabla nyota hazijawa vistari. Sasa napata dakika 2.

Kazi iko kwenye kuielekeza. Nyota ya kaskazini kwetu iko chini ya upeo. Ya kusini, Sigma Octantis, ni hafifu, na kwa nyuzi 6 inapotelea kwenye ukungu wa baharini, basi nami siihangaikii. Nasawazisha miguu kwa pimamaji, nalaza simu kwenye kitako nisome pembe, natafuta kusini kwa dira ya simu iliyokwisha kurekebishwa kosa la sumaku. Kisha naitazama nyota moja iliyo karibu na utosi. Ikiteleza kaskazini au kusini, nageuza kitako kushoto au kulia kidogo kidogo mpaka itulie. Halafu naifuata nyengine iliyo chini upande wa mashariki. Hiyo ndiyo inayoniambia niinue au nishushe. Mvuvi mmoja jirani alinikuta hapo akauliza, "Yakhe, nyota moja hiyo hiyo tangu Isha?"

Wakati wa kusi Njia ya Maziwa inapita juu vizuri, lakini upepo wa pwani hauna huruma. Sirefushi miguu, na chini yake natundika mfuko wa mchanga. Kaskazi ikiingia, Nebula ya Orion, lile wingu la gesi, inapita karibu na utosi kabisa, pale hewa ilipo nyembamba.

Nikirudi nyumbani nafuta chumvi kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu. Anayetaka kupandisha darubini ya inchi 8 atafute kichwa chengine, hiki hakiiwezi.