Siku Moja Maishani Mwangu: Saa ya Mninga na Vipimo Vyake

Saa 1:30 asubuhi nafungua karakana hapa Keko, Dar es Salaam. Kazi ya leo ni saa ya ukutani, duara la mninga lenye kipenyo cha sentimita 30 na unene wa milimita 18. Naupima tena ubao pale katikati, kwa kuwa randa na msasa huupunguza, na unene unaohesabika ni wa mahali utakapopita mhimili wa mashine ya saa, ule unaobeba mishale.

Saa 4:00 nipo Kariakoo kununua mashine na mishale. Muuzaji ananiambia, "Chukua hii fundi, mhimili wake ni milimita 20, inakutosha." Naweka rula, kwani kinachoshika ubao si mhimili mzima bali ile sehemu yenye hesi inayofungwa nati, nayo hapa ni milimita 12 tu. Nikiondoa milimita 3 za washa na nati, zinabaki 9, na huo ndio unene wa mbao nitakaouacha katikati. Zipo mashine zenye hesi ndefu, ila hizo zingekaa nzima nje ya ubao, ilhali mimi napenda mashine izame kwenye mbao.

Mishale huchaguliwa kwa kupima kutoka katikati ya tundu hadi nchani, bila kuhesabu mkia ulio upande wa pili wa tundu. Nukta za dakika zitakuwa milimita 125 kutoka katikati, hivyo nachukua mshale wa dakika wa milimita 120, wa alumini nyembamba ili usiilemee mashine, na kabla ya kulipa naujaribisha kwenye mhimili, maana matundu hayafanani.

Saa 7:30 mchana, baada ya chakula, nachimba nyuma kwa patasi shimo la mraba lenye upande wa milimita 60 na kina cha milimita 9. Mashine ina upande wa milimita 56 na unene wa 16, kwa hiyo itatokeza milimita 7. Nazungushia fito za milimita 10 ili saa ilale vizuri ukutani.

Saa 10:00 jioni nafunga mishale yote miwili ikielekea 12, kisha nauzungusha wa dakika mizunguko kumi na miwili nikiangalia kama inagusana popote. Inapishana vizuri. Nyuma ya ubao naandika kwa penseli, "hesi 12, mshale 120", kwa ajili ya fundi atakayebadilisha mashine siku ikifa.