Babu na Bao la Simuni

Mwaka 2002 nilikwenda Unguja likizo, mfukoni nina simu niliyoazimwa na mjomba, Nokia 3310. Mlikuwa na mchezo unaoitwa Bantumi. Wenzangu shuleni walikuwa wakiupita, wanakimbilia ule wa nyoka. Mimi nilipoufungua moyo ulinienda mbio: mashimo, kete, zamu. Bao, ndani ya simu!

Nikampelekea babu barazani. Babu kwenye bao alikuwa fundi. Mkono wake ukiingia shimoni, kete zimeshasambaa kabla hujajua amechota ngapi. Akavaa miwani, nikamwonyesha vitufe. Mashimo sita kila upande, na shimo kubwa pembeni kwa kila mchezaji.

Taabu ilianza mapema. Katika bao la kiswahili kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu umelala, zamu imekwisha. Mle simuni, ikiangukia shimo lako tupu ndipo unapokula zilizo mbele yake. Mkono uliozoea kuliogopa shimo tupu tangu ujana, leo unaambiwa ulitafute! Akafungwa mara mbili mfululizo. Sikuwahi kuona hilo, na nilijuta kuileta ile simu.

Mara ya tatu alinyamaza, midomo inahesabu. Kisha akauliza, "Hizi zikishaingia shimo kubwa, zinatoka?"

"Hazitoki, babu."

"Basi hiki kibubu, mjukuu wangu."

Sikuelewa mpaka aliponionyesha ubaoni. Kete 64 za bao hazitoki mchezoni hata moja. Ukila za mwenzio unazisambaza upande wako, na zamu yake ikifika anaweza kuzila tena. Ndiyo maana mtu aliyejaa kete hufilisika ghafla, na aliyebakiwa na tatu nne asikate tamaa. Naamini utamu wote wa bao umo humo.

Alipokwisha kukijua kibubu, akaishinda simu. Hakushangilia. Alinirudishia taratibu, akasema, "Aliyetengeneza hii ana akili sana. Ila nyumba kaiweka wapi?"

Nikamwambia nyumba, lile shimo maalumu la bao, haimo.

Akauvuta ubao wake wa mashimo 32, akatia komwe sita nyumbani, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani. Mkononi zikabaki 22 za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja kila zamu.

"Kaa," akasema. "Namua."