Taa Moja Kwenye Kioo

Nimerudi siku nne zilizopita, na bado nikifumba macho naona weupe. Si mchanga, ni ukungu. Watu wakisikia nimeendesha pikipiki kando ya bahari katika jangwa la Namib, nchini Namibia, hunipa pole ya jua, nami hushindwa nianzie wapi kuwaeleza kwamba asubuhi zote tatu nilitetemeka kwa baridi mpaka vidole vikagoma kuvuta klachi. Maji ya Benguela, mkondo wa bahari unaopita kando ya pwani ile, ni baridi sana. Hewa inayopita juu yake hupoa ikawa ukungu, lakini mvua hainyeshi. Kwa hiyo unakwenda bahari ikiwa kushoto, jangwa kulia, na unaloa chepechepe bila tone kudondoka kutoka juu.

Tulikuwa saba. Tulitoka Swakopmund kwa barabara ya C34, tukashika kaskazini. Kabla ya Henties Bay tulisimama kuitazama Zeila, meli ya uvuvi iliyokwama pale Agosti 2008 ilipokuwa ikivutwa kupelekwa kukatwa vyuma chakavu. Imelala ndani ya mawimbi, kutu tupu, minandi wamejipanga juu yake bega kwa bega. Hakuna aliyesema neno. Tulijaza matangi Henties Bay, na mapipa madogo ya akiba pia, kwa kuwa mbele kulikuwa na zaidi ya kilomita 100 za kwenda na hizo hizo za kurudi.

Kaskazini ya hapo barabara ni ya chumvi. Udongo wenye jasi humwagiwa maji ya chumvi, hushindiliwa, kisha jua huukausha hadi ukawa mgumu na laini kama lami. Nilivua glavu nikaigusa. Ilinata kidogo, na kidole nilipokilamba kilikuwa chumvi kali. Ikikauka, ni raha isiyo kifani, matairi yanaimba. Ukungu ukiilowesha inageuka kuwa kama sabuni, na rangi yake haibadiliki kiasi cha kukuonya.

Mzee wetu, ambaye ameendesha pikipiki tangu kabla sijazaliwa, alitupa sharti moja tu kabla hatujawasha injini. "Kila mtu amtunze aliye nyuma yake. Usipoiona taa yake kwenye kioo, punguza. Usipoiona bado, simama." Ukisimama wewe, wa mbele yako naye hataiona taa yako, atasimama, habari itafika hadi kwa kiongozi bila mtu kupiga honi. Yeye mwenyewe aliomba kukaa mkiani. Mimi nilikuwa wa sita. Taa yangu ya kutunza ilikuwa yake.

Baada ya kupita njia panda ya Cape Cross, pale baharia Mreno Diogo Cão aliposimamisha msalaba wa mawe mwaka 1486, ukungu ulikaza. Tairi la nyuma likateleza mara moja, likashika tena. Kuanzia hapo sikutazama kitu kingine ila hatua chache mbele ya tairi la mbele. Nilijishughulikia mwenyewe. Nimejaribu siku hizi nne kulitafutia jambo hili jina jingine na sijalipata.

Nilipoinua macho, kioo kilikuwa cheupe chote.

Nilipunguza. Nikasimama. Nikahesabu hadi hamsini, kisha nikageuza. Sijui nilikwenda umbali gani kurudi, ila kila kivuli cha jiwe kilikuwa mtu aliyelala chini.

Alikuwa ameketi kando ya barabara, kofia magotini. Mguu ulikuwa mzima, bega limeumia. Nikaanza kuomba radhi kabla sijateremka. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Nilikuwa nazisikia injini zenu zikififia, mwanangu," akasema. "Moja baada ya nyingine. Yako ilikuwa ya mwisho."

Hakulisema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Pikipiki ilikuwa imeteleza hadi nje ya barabara, ikachora mfereji wa hatua kama sita kwenye uwanda wa changarawe. Uwanda ule si mtupu, ingawa mtu apitaye kwa gari atauona hivyo. Mawe yamefunikwa na laikeni, viumbe vidogo vya kuvu na mwani vilivyoshikamana na mawe, za kijivu na za rangi ya machungwa, zinazoishi kwa unyevu wa ukungu na kukua polepole mno. Alama ya gurudumu huweza kudumu pale miongo kadhaa. Mzee alipiga magoti, na kwa mkono mmoja uliokuwa mzima akaanza kurudisha mawe, upande wenye laikeni ukitazama juu. Nikapiga magoti kando yake. Wenzetu walipofika mmoja mmoja kutoka kwenye weupe, walitukuta hivyo, nao wakainama bila kuuliza.

Tulifika lango la Ugab alasiri, ukungu ukiwa umepanda. Lina mafuvu makubwa na mifupa iliyokingamana, na pikipiki haziruhusiwi kupita kuingia hifadhi ya Skeleton Coast. Tulilijua hilo tangu mwanzo. Tulikaa kidogo, tukanywa maji, tukageuza.

Kurudi, mzee alikataa kupanda gari la mtu yeyote. Bega lilifungwa kwa shali, akaahidi kwenda polepole, na akakaa mkiani palepale. Taa yake ilikuwa imepasuka kioo katika ile ajali, ikawa inamulika upande mmoja tu, hafifu, ya manjano. Njiani kuna meza ndogo za mbao zenye mabonge ya chumvi ya waridi na kopo la kutia pesa, bila muuzaji. Wengine walisimama kuchagua. Nami nilisimama, lakini sikushuka. Niligeuza kioo kidogo ndani, nikaisubiri ile taa itokee, na haikunitoka machoni tena mpaka Henties Bay.